Kabla hujalipa bima ya maisha: mwongozo kwa kaya za Mtwara na Lindi

Wanaume wawili wa kijiji kimoja cha Tandahimba walinijia siku moja, enzi hizo bado nauza bima. Wote wakulima wa korosho, wote wana watoto wanne, wote wanataka familia ilipwe milioni 10 wakifa. Nilipowaletea bei, ya mmoja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Mwenye bei kubwa akanitazama, akaniuliza, "Mjomba, au kwa sababu sikukununulia chai?"

Haikuwa chai. Alikuwa na miaka 48, mwenzake 31. Anavuta sigara, ana presha, na alitaka mkataba ambao ukiisha akiwa hai anarudishiwa fedha. Mwenzake alitaka kinga tupu ya miaka 10. Mdomoni wote walisema "bima ya milioni 10", lakini kila mmoja alikuwa ameagiza kitu chake.

Niliuza bima kwa miaka sita, Mtwara mjini, Newala, na upande wa Lindi hadi Nachingwea, kisha nikaacha. Sasa nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi, kwa hiyo sina kamisheni ninayoitafuta kwako. Lakini watu bado wananiuliza, wakisubiri nondo zao zipakiwe: kwa nini bei yangu ni hii na ya shemeji ni ile? Ninachowaambia nimekiandika hapa, kwa mpangilio ambao ningependa uufuate wewe na mwenzi wako mkiwa mmekaa mezani na daftari.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini

Hii ni fupi lakini inakosewa sana. Bima ya afya inalipa hospitali ukiugua. Familia haipati kitu ukifa. Bima ya mkopo, ile ambayo mwalimu au nesi hukatwa anapokopa benki, humlipa aliyekukopesha deni lililobaki. Nimeketi na wajane wawili waliodhani marehemu "alikuwa na bima" kumbe ilikuwa hiyo. Deni lilifutwa, na hilo ni jambo la maana, ila hakuna shilingi iliyoingia nyumbani.

Bima ya mazishi hutoa kiasi kidogo haraka kwa sanda, usafiri na chakula cha msibani. Bima ya maisha yenyewe ndiyo inayoiachia kaya fedha ya kuishi. Mwongozo huu unahusu hiyo, ingawa mengi yanagusa na ya mazishi.

Kama umeajiriwa rasmi, kiwandani, bandarini au serikalini, angalia kwanza ulichonacho. NSSF na PSSSF zina mafao kwa wategemezi wa mwanachama aliyefariki, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa kifo kilichotokana na kazi. Usinunue tena kile ambacho tayari unakichangia kila mwezi.

Hatua ya pili: pima pengo, usianze na bei

Kitu cha kwanza kinachopandisha au kushusha ada, yaani fedha unayoilipa kampuni, ni kiasi unachotaka kilipwe. Ukitaka milioni 20 badala ya 10, ada inakaribia kuwa mara mbili. Ajabu ni kwamba watu wengi huchagua kiasi hiki kwa kusikia. "Jirani ana ya milioni 5, na mimi niandike 5." Jirani ana mtoto mmoja na nyumba ya kupangisha Mikindani!

Chukua daftari. Tuseme kaya inategemea shilingi 250,000 kwa mwezi kutoka kwako. Mtoto wa mwisho ana miaka 9, na mnadhani ndani ya miaka sita wakubwa watakuwa wamesimama na kusaidia. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, milioni 18 kwa miaka sita. Ongeza deni la SACCOS milioni 2 na mazishi milioni 1. Jumla 21.

Sasa toa kile kitakachobaki bila wewe. Mikorosho haifi na mwenye shamba. Kama shamba, baada ya kulipa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na vibarua, linaacha 1,200,000 kwa mwaka, miaka sita ni 7,200,000. Akiba ya kikoba 800,000. Hiyo ni milioni 8. Pengo lako ni milioni 13, na hicho ndicho kiasi cha kuulizia.

Mambo mawili kwenye hesabu hiyo. La kwanza, usiandike ada ya shule ya serikali kama mzigo mkubwa: ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachouma ni sare, hosteli, nauli na michango. La pili, shamba uliloliweka upande wa kutoa, je, litabaki kweli mikononi mwa mkeo na wanao? Kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo wa mama una nguvu na mjomba ana neno. Kama unajua kabisa kwamba shamba lina mvutano, usilihesabu. Pengo litakuwa kubwa na ada itakuwa kubwa, lakini hesabu itakuwa ya kweli.

Hatua ya tatu: elewa umri unavyofanya kazi

Watu hudhani kampuni inatazama mtu mmoja mmoja na kubahatisha atakufa lini. Haifanyi hivyo. Inatazama kundi.

Chukua watu 1,000 wenye umri wa miaka thelathini na kitu, kila mmoja ana bima ya milioni 10. Tuseme katika mwaka mmoja wanakufa wanne. Kampuni inalipa milioni 40. Ukizigawa kwa watu 1,000, kila mmoja achangie 40,000. Sasa chukua 1,000 wa miaka hamsini, na tuseme wanakufa 10. Ni milioni 100, kila mmoja 100,000. Namba hizi nimezichagua ziwe rahisi kugawanya, lakini mashine yenyewe ndiyo hiyo. Wataalamu wanaoitwa aktuari wana majedwali ya vifo kwa kila umri, na bei huanzia hapo. Juu yake huongezwa gharama za ofisi, kamisheni ya wakala, gharama za kampuni kujikinga yenyewe kwa kampuni kubwa zaidi, na faida. Kisha hupunguzwa kidogo kwa sababu fedha yenu huwekezwa wakati ikisubiri.

Wanawake kwa wastani huishi zaidi ya wanaume, kwa hiyo kampuni nyingi huwatoza kidogo pungufu kwa umri uleule. Kama mama ndiye anayeingiza fedha nyumbani, na Mtwara mjini kaya hizo ni nyingi, basi akatiwe yeye bima kwanza. Nimeona baba anakatiwa bima kwa heshima ya ubaba wakati anayelisha nyumba ni mama mwenye genge sokoni.

Kuna ujanja mdogo halali. Kampuni nyingine huhesabu umri utakaotimiza siku ya kuzaliwa inayokuja, siyo ulionao leo. Ukiwa unakaribia kutimiza 40, uliza: nikisaini wiki hii mtanihesabu wa ngapi? Wiki mbili za kuchelewa zinaweza kukuongezea ada kwa miaka yote ya mkataba, kwa sababu ada ya mikataba mingi hufungwa siku ya kuanza.

Tarehe ya kuzaliwa iwe ileile kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na fomu ya bima. Huku kwetu wazee wengi walikadiriwa umri. Ikija kugundulika baada ya kifo kwamba marehemu alikuwa na miaka mitano zaidi, kampuni hupunguza malipo yalingane na ada ambayo angestahili kutozwa.

Hatua ya nne: jibu maswali ya afya kama ulivyo

Nakumbuka fomu moja niliyoijaza Kitangari, tumekaa mkekani chini ya mkorosho. Mteja fundi seremala, amechangamka. Nimefika swali la vilevi.

"Unakunywa?"

"Hapana. Uraka tu, wa msimu."

Mkewe alikuwa nyuma yetu anapembua mchele. Hakuinua hata uso. "Mwandikie uraka," akasema, "na nipa mwandikie."

Uraka ni pombe ya mabibo ya korosho, na nipa ni gongo. Tukacheka, lakini niliandika. Na ada ilipanda, siyo sana. Miaka miwili baadaye yule fundi aliugua ini. Kama pale mkekani tungeandika "hapana", faili la hospitali lingesema vingine, na siku akifa dai la familia lingekataliwa. Kuficha kitu kwenye fomu ya afya ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kulipa ada miaka mingi bure. Bei inaonekana ndogo kwa sababu umenunua karatasi.

Wanachouliza ni hiki: uzito na urefu, presha, kisukari, moyo, figo, TB, VVU, upasuaji uliowahi kufanyiwa, sigara na ugoro, pombe, na wazazi wako walikufa na nini na wakiwa na umri gani. Malaria ya kawaida haiwashtui. Sigara huwashtua kuliko watu wanavyodhani: mvutaji anaweza kutozwa zaidi sana ya asiyevuta. Ukiacha na kukaa muda, mara nyingi mwaka mzima, uliza kama wanaweza kukuhesabu upya.

Kwa kiasi kidogo cha bima maswali hayo yanatosha. Kiasi kikipanda, au umri ukipanda, utatakiwa kupimwa hospitali. Uliza mapema nani analipia vipimo. Mara nyingi ni kampuni, lakini pata jibu kabla hujapanda gari kwenda Ligula au Ndanda.

Kama una presha, ushauri wangu ni wa kinyume na haraka za wakala: anza dawa, hudhuria kliniki miezi kadhaa, kisha ndiyo uombe bima. Presha iliyotulia yenye kadi ya kliniki inatozwa vizuri kuliko presha inayogunduliwa siku ya kupimwa. Na anayeishi na VVU asikate tamaa kabla ya kuuliza. Zamani jibu lilikuwa hapana moja kwa moja. Siku hizi zipo kampuni zinazompokea mtu anayetumia dawa vizuri, kwa ada ya juu kidogo.

Majibu ya makao makuu huwa ya aina chache: umekubaliwa kwa bei ya kawaida, umekubaliwa kwa nyongeza, umekubaliwa lakini ugonjwa fulani hauhusiki, subiri, au hapana. Ukipewa nyongeza, uliza imetokana na nini na itaangaliwa upya lini. Wengi huichukua kama hukumu ya mahakama, wakati ni bei tu.

Hatua ya tano: kazi yako na chombo unachopanda

Mwalimu wa Lindi mjini na mvuvi wa Msangamkuu wenye umri mmoja hawalipi sawa. Mvuvi anaweza kuongezewa, hasa anayekwenda mbali kwa chombo kidogo. Dereva wa bodaboda vilevile. Fundi umeme wa nguzo, mchimbaji wa machimbo ya Ruangwa, mpiga mbizi, wote wana nyongeza zao. Mkulima wa kawaida hana shida, hata anayepuliza salfa.

Sema kazi zako zote. Huku kwetu mtu ni mkulima Juni, dalali Oktoba na bodaboda Februari. Ukiandika "mkulima" na kifo kikakukuta kwenye pikipiki ya abiria, umewapa mlango wa kubishania. Na soma vile visivyolipwa: karibu kila mkataba hukataa kifo kilichotokea mtu akivunja sheria. Uvuvi wa mabomu umo humo, wala wakala hatakutajia kwa jina.

Hatua ya sita: chagua aina na muda

Hapa ndipo ada inapoweza kupanda mara tano bila wewe kuelewa kwa nini.

Bima ya muda ni kinga tupu. Unalipa miaka 10, ukifa ndani yake wanalipwa, ukimaliza salama huambulii kitu. Ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo watu wetu wanaichukia kuliko zote. "Yaani fedha yangu iende hivihivi?" Huwa nawajibu kwa mlinzi wa ghala: msimu ukipita bila mwizi, hudai mshahara wake urudi.

Bima yenye akiba, pamoja na ile inayoitwa ya elimu, inalipa ukifa na inalipa pia ukifika mwisho hai. Kwa kuwa kampuni ina uhakika wa kulipa kwa namna moja au nyingine, sehemu kubwa ya ada yako ni akiba unayojiwekea wewe mwenyewe kupitia kwao, wakikata gharama zao njiani. Haina ubaya kwa mtu asiyeweza kutunza fedha. Lakini kama una milioni 13 za pengo na uwezo wa kulipa 20,000 kwa mwezi, bima ya akiba itakupa kinga ya sehemu ndogo tu ya pengo hilo.

Kwa kaya yenye watoto wadogo na kipato cha shamba, mimi ningeanza na kinga tupu inayoziba pengo lote, kisha akiba niiweke ninapojua. Wakala hatakuambia hivyo haraka, kwa kuwa kamisheni hufuata ukubwa wa ada. Nami sikuwaambia wateja wangu wa mwanzo, na hilo sijivunii.

Muda nao una bei. Miaka 20 ni ghali kwa mwaka kuliko 10, kwa kuwa miaka ya mwisho ya 20 inakukuta ukiwa mtu mzima zaidi. Usinunue muda unaozidi mahitaji. Mtoto wa mwisho ana miaka 9? Miaka 10 hadi 12 inatosha.

Vya kuongeza, kama malipo ya ulemavu wa kudumu, magonjwa makubwa, au malipo maradufu kwa ajali, kila kimoja kina ada yake. Ulemavu nauunga mkono kwa mtu anayeishi kwa mikono yake. Malipo maradufu ya ajali yananishinda kuyaelewa: kaya haihitaji fedha maradufu eti kwa sababu umegongwa badala ya kuugua.

Hatua ya saba: linganisha ada na kalenda ya fedha yako

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Bima ghali kuliko zote niliyowahi kuiona Kusini haikuwa ya mzee wala ya mgonjwa. Ilikuwa ile iliyokatika.

Bima nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa mshahara: ada kila mwezi, tarehe moja, kiasi kimoja. Mkulima wa korosho hana mwezi. Minada inaanza karibu Oktoba, fedha inaingia akaunti kwa mafungu hadi Desemba au Januari, sare za shule zinaimeza Januari hiyohiyo, na kuanzia Machi watu wanaanza kutazamana. Lindi ufuta unaokoa karibu Juni na Julai, mbaazi zinafuata. Katikati ya hapo kuna palizi na salfa, ambazo zinataka fedha na hazileti.

Sasa mtu huyu anasaini Novemba, mfuko umejaa, ada 20,000 kwa mwezi. Novemba analipa, Desemba, Januari, Februari kwa shida. Machi hana. Mikataba mingi huacha siku za nyongeza, kwa kawaida 30, kisha kinga inasimama. Akifa Mei, hakuna kitu. Akipona na kutaka kuurudisha mkataba Oktoba, anadaiwa malimbikizo na anajaza upya fomu ya afya, sasa akiwa na presha ambayo mwaka jana hakuwa nayo.

Wengine hujitahidi kwa njia mbaya zaidi. Mwezi wa saba, mkorosho bado unatoa maua, anamwuzia mtu wa kangomba, mnunuzi wa nje ya mnada anayelipa mapema kwa bei ya chini. Tuseme anahitaji 60,000 za ada tatu zilizolala, anauza kilo 60, kila kilo kwa 1,000. Kilo hizo mnadani, hata kwa bei ya 2,000 tu, zingempa 120,000. Ada yake ya 60,000 imemgharimu 120,000, na hakuna mahali popote kwenye hati ya bima panapoonyesha hilo.

Mimi mwenyewe nilipoteza hivyo, kabla hata sijawa wakala. Nilikuwa na miaka 29, nikachukua bima ya akiba ya miaka 15, ada kila mwezi. Mwaka wa tatu nikayumba, nikaomba kuvunja mkataba nichukue changu. Nikapewa fedha kidogo mno kuliko niliyolipa. Nilikasirika sana, kumbe ilikuwa imeandikwa: miaka ya mwanzo fedha huliwa na gharama za kuanzisha mkataba, na ukivunja mapema unarudi na mabaki, au mikono mitupu.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba kulipa kwa mwaka mara moja. Kampuni nyingi hupunguza kidogo kwa anayelipa mwaka mzima, kwa kuwa zinapata fedha mapema na hazihangaiki na makusanyo: kitu cha 240,000 kwa miezi 12 unaweza kukipata, tuseme, kwa 220,000. Kisha panga tarehe ya kuanza mkataba. Usisaini mnada wa kwanza unapotangazwa. Saini fedha inapokuwa imeshaingia, tuseme katikati ya Desemba, ili kila mwaka tarehe ya kulipa ikukute una kitu. Lindi kwa wa ufuta, Julai au Agosti.

Usiweke tarehe ukingoni. Msimu wa 2018/19 bei ya korosho ilitangazwa 3,300 kwa kilo, watu wakafurahi, kisha malipo yakachelewa kwa wengi hadi mwaka uliofuata. Wateja wangu waliopanga ada ya Desemba kwa fedha ya Desemba walikatika. Waliokuwa wameacha ada ya mwaka ujao kwenye kikoba au benki tangu msimu uliopita walivuka. Yaani fedha ya korosho za mwaka huu ilipe bima ya mwaka ujao. Mwaka wa kwanza inauma, baada ya hapo huisikii.

Na kama ada ya mwaka haiwezekani kabisa, chukua kiasi kidogo cha bima kuliko ulichopiga kwenye daftari. Milioni 6 iliyo hai inashinda milioni 13 iliyokatika.

Hatua ya nane: uliza bei ya kikundi

Chama cha msingi, SACCOS, shule, msikiti, kikundi cha akina mama: kampuni huvipa bei ya chini kwa mtu mmoja, kwa sababu karatasi ni moja, mkusanyaji ni mmoja, na mara nyingi hakuna kupimwa hadi kiasi fulani. Aliyekuwa na presha akatozwa nyongeza peke yake, ndani ya kikundi huingia kwa bei ya wote.

Bei hiyo ya chini inategemea vijana kubaki. Kikundi kimoja cha Mikindani kilianza na watu 60 wa rika zote. Mwaka wa pili vijana wakasema wao hawafi, wakatoka. Wakabaki wazee na wagonjwa, kampuni ikapiga hesabu upya, ada ikapanda, wengine wakatoka tena. Bei ya kikundi hupitiwa kila mwaka, siyo kama ya mtu mmoja iliyofungwa. Mkikubaliana kuingia, wekeni kwenye katiba ya kikundi kwamba ada inakatwa kwa wote.

Wanaotaka kukwepa riba waulize kuhusu takafuli, mfumo wa wachangiaji kusaidiana kwenye mfuko mmoja. Bei yake nayo hufuata umri, afya na kiasi.

Hatua ya tisa: chukua bei tatu, kwa maandishi

Wazee wetu hawakuwa na cha kulinganisha. Shirika la Bima la Taifa, NIC, ndilo lilikuwa peke yake huku Bara hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya 1996. Leo wapo wengi, na mabenki nayo yanauza bima za kampuni hizo kwenye matawi. Chukua bei tatu kwa kiasi kilekile, muda uleule, aina ileile. Ukilinganisha kinga tupu ya huyu na akiba ya yule, utarudi kwenye hadithi ya wale wawili wa Tandahimba.

Hakikisha wakala ana leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Lipa kwa namba ya kampuni, siyo kwa simu ya wakala, hata akiwa mtoto wa dada yako. Uliza: ada imefungwa au inaweza kupanda? Kuna muda wa kusubiri kabla kifo cha ugonjwa hakijalipwa? Bima nyingi za mazishi zina miezi kadhaa ya kusubiri, huku ajali ikilipwa tangu siku ya kwanza. Nikichelewa kulipa nina siku ngapi? Nikivunja mwaka wa tatu napata nini? Jibu la mdomo usilichukue. Mwambie akuonyeshe ukurasa. Mgogoro ukitokea na kampuni isisikie, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua ya mwisho: majina

Andika wanufaika kwa majina ya NIDA, siyo ya nyumbani, na kila mmoja asilimia yake. "Mama Hawa" hajulikani makao makuu. Mtoto aliye chini ya miaka 18 aandikiwe mtu mzima wa kumpokelea, na kama huyo ni mjomba, basi mjomba aambiwe mbele ya mama. Ukioa, ukiachana, ukizaa, rudi ukabadilishe. Haiongezi ada hata senti.

Kifo kikitokea watahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, kitambulisho, na kwa ajali taarifa ya polisi. Kifo cha nyumbani kijijini kianzie kwa mtendaji siku zilezile, kabla matanga hayajavunjwa na watani hawajaondoka, maana baada ya hapo kila mtu anarudi shambani na karatasi hakuna anayezifuatilia.

Hati yenyewe usiifungie kwenye sanduku ambalo ufunguo unatembea nao. Mwonyeshe mnufaika ilipo, na namba ya mkataba aipige picha kwa simu yake leo.